Wakonyingo wa Mlima Kilimanjaro: ni akina nani, na kwa nini bado wanasimuliwa?

Kila tunapotangaza kipindi cha mila na desturi, swali moja halikosi: je, ni kweli kuna watu wafupi wanaoishi juu ya mlima, ambao hawataki kuonekana na binadamu wengine? Wapo wanaouliza kwa utani, na wapo wanaouliza kwa hofu, hasa wenye watoto wanaokata majani ya ng'ombe karibu na msitu. Tumeandika makala hii ili msikilizaji aisome kwa nafasi yake na kumsomea mwenzake.

Jibu fupi ni hili. Wakonyingo ni watu wa masimulizi ya Wachaga. Hakuna mifupa wala nyumba zao zilizopatikana Kilimanjaro. Lakini masimulizi yenyewe ni ya kweli kwa maana ya kwamba yapo, ni ya zamani, na yana funzo ambalo bado tunalihitaji.

Wanaelezwaje?

Masimulizi yanasema Wakonyingo wana kimo cha mtoto, ila vichwa vyao ni vikubwa mno. Kwa sababu ya uzito wa kichwa, hawalali chali kama sisi. Hulala wameketi, wameegemea ukuta wa nyumba, maana akilala chini hawezi kuinuka tena. Akijikwaa njiani na kuanguka, hukaa pale pale mpaka wenzake waje kumwinua. Ndiyo maana kila mmoja hutembea na pembe kiunoni, ili akianguka aipulize na kuita msaada.

Si watu maskini. Wana ng'ombe wengi, wana migomba, na wana mangi wao. Inasemekana wana ngazi za kupandia mbinguni kutoka kileleni. Wakiwatolea wahenga wao sadaka, hutawanya vipande vya nyama migombani. Vipande hivyo huporomoka mlimani na kugeuka kunguru. Waliowahi kupanda mlima wanawajua kunguru wale wakubwa wenye doa jeupe shingoni wanaozunguka kambini wakitafuta makombo. Ngano imewapatia asili yao.

Masimulizi ya Wachaga yaliandikwa mapema. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi, alichapisha kitabu cha ngano za Wachaga mwaka 1914. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapa Moshi, alitoa kitabu chake kuhusu Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Mwaka 1933 Alice Werner, mtaalamu wa lugha za Kibantu, aliwaweka Wakonyingo katika kitabu chake cha ngano za Wabantu. Lakini wote hao waliandika walichosimuliwa. Wenye hadithi ni mabibi na mababu wa mlimani.

Kisa cha Mkunare na Kanyanga

Hiki ndicho kisa kinachojulikana zaidi, nasi tunakieleza kwa maneno yetu.

Palikuwa na ndugu wawili, Mkunare na Kanyanga, wa nyumba isiyo na hata ng'ombe mmoja. Mkunare akasikia kwamba juu huko Kibo kuna mangi mkarimu kwa maskini. Akafunga chakula, akapanda. Njiani akamkuta bibi kizee ameketi, macho yamejaa usaha hata haoni. Bibi akamwambia: nisafishe macho kwa ulimi wako, nami nitakueleza namna ya kumfikia mangi. Mkunare akaona kinyaa, akapita.

Alipofika, akakuta watu wadogo wadogo wameketi penye zizi la mangi. Akadhani ni watoto. Akawasalimu kama watoto, kisha akawaambia wamwonyeshe walipo baba zao na kaka zao. Wakamjibu kwa upole: subiri, watakuja. Akasubiri. Jioni ng'ombe wakarudi, mmoja akachinjwa, watu wakala. Yeye hakupewa kitu. Kila akiomba, jibu ni lile lile: subiri baba zetu waje. Akaondoka na njaa yake. Yule bibi naye hakumsaidia. Akapotea porini mwezi mzima, na alipofika nyumbani akatangaza kwamba watu wa juu ni matajiri lakini wachoyo.

Kanyanga akasema, acha na mimi nijaribu. Akamkuta bibi yule yule, akamsafisha macho bila kusita. Bibi akamwonya: utakaowaona ni wafupi, lakini ni watu wazima, ndio washauri wa mangi, wasalimu kwa heshima. Kanyanga akafanya hivyo. Akapelekwa kwa mangi, akapewa nyama na mahali pa kulala. Naye akawafundisha maneno ya kinga ya kulinda mazao yao dhidi ya wadudu na maadui. Wakafurahi, kila mmoja akamtolea mnyama kutoka katika kundi lake. Akashuka anaimba wimbo wa wachungaji, ng'ombe wakitangulia mbele yake.

Tuangalie kosa la Mkunare. Hakuiba, wala hakumtukana mtu. Alichokosa ni salamu tu: alipima umri na hadhi kwa urefu wa mwili. Mtu aliyelelewa kusema shikamoo haambiwi uzito wa jambo hilo. Mkubwa ukimwita mtoto mbele ya wenzake, umeshafunga mlango mwenyewe.

Tena Wakonyingo hawakumpiga wala kumfukuza. Walimwacha asubiri watu aliowaulizia, na watu hao hawakuwepo.

Kwa nini wakae juu?

Kwa Wachaga wa zamani, upande wa Kibo ulikuwa upande wa heshima. Hivyo kuwaweka Wakonyingo juu kabisa hakukuwa kuwatupa porini. Kulikuwa kuwapa nafasi ya juu kuliko sisi.

Sababu nyingine ni mlima wenyewe. Ukitoka Moshi mjini kupanda unapita vihamba vya migomba na kahawa, kisha msitu mzito unaofika kama mita 2,800, halafu vichaka vya baridi, jangwa la mawe, na mwisho barafu ya Kibo, mita 5,895. Msituni mna ukungu mwingi, na hatua chache tu zinatosha kumpoteza mwenzako. Kuna tembo na chui. Kuna mbega wenye manyoya marefu meusi na meupe, wanaoruka mtini na kukuangalia kwa uso unaofanana na wa mzee. Jioni, kwa mtu aliye peke yake, mbega mmoja anatosha kuwa hadithi ya mwaka mzima.

Na baridi iliwahi kuwatisha watu kweli. Johannes Rebmann, aliyeona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alisimuliwa habari za watu waliotumwa kupanda zamani na matokeo yake kuwa vifo na viungo kuharibika. Watu ambao hawakuwahi kuona barafu walikuwa na kila sababu ya kusema huko juu kuna wenyewe.

Je, hawakuwahi kuwepo kabisa?

Yako maoni mawili. La kwanza linasema ngano ni ngano: kila mlima mkubwa una wenyeji wake wa kufikirika. La pili linasema huenda hadithi imebeba kumbukumbu ya wawindaji waliokuwa mlimani kabla ya koo za sasa. Koo za Wachaga zilifika kwa nyakati mbalimbali kutoka pande mbalimbali, na si ajabu zikakuta watu. Kaskazini mwa Tanzania jamii za wawindaji zipo hata leo, kama Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Lakini kumbukumbu ya wawindaji si ushahidi wa watu wenye vichwa vikubwa na ngazi za mbinguni.

Wengine hutaja mapango ya Marangu na Mamba kama nyumba za Wakonyingo. Mahandaki yale yalichimbwa na Wachaga wenyewe ili kuficha watu na mifugo wakati wa vita. Ukiambiwa vingine na mtu anayekutoza kiingilio, msikilize kwa adabu, ila ujue hivyo.

Kuhusu binadamu wafupi sana wa kale, sayansi haikatai. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, mwaka 2003 yalipatikana mabaki ya aina ya binadamu waliokuwa na kimo cha kama mita moja. Ila hao ni wa Flores. Kilimanjaro hakujapatikana kitu kama hicho.

Na wale wenye manyoya?

Wakonyingo hawasifiki kwa manyoya. Wenye manyoya ni wengine, nao wanahusishwa na Tanzania pia: agogwe. Desemba 1937 Kapteni William Hichens, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika katika jarida la Uingereza kwamba akiwa anamvizia simba mla watu katika misitu ya magharibi mwa mbuga za Wembere, aliona viumbe wawili wadogo wenye manyoya ya kahawia, wakitembea kwa miguu miwili, kisha wakatokomea upande wa pili wa uwazi. Tangu hapo agogwe wametajwa mara nyingi katika vitabu vya viumbe vya ajabu. Hakuna aliyeleta ngozi, mfupa wala picha.

Mnyama wa Tanzania anayefanana zaidi na binadamu ni sokwe mtu, na makazi yake ni magharibi, Gombe na Mahale. Kilimanjaro hakuna.

Hadithi inapogeuka kuwa dhuluma

Hapa ndipo tunapoomba umakini. Afrika wapo watu halisi wenye kimo kifupi ambao maisha yao yalitegemea msitu: Wambuti wa Ituri huko Kongo, na Watwa wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Hawa si viumbe wa ngano. Mwaka 1906 kijana mmoja kutoka Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaenda kumtazama. Alijiua mwaka 1916. Huko Uganda, Watwa walitolewa katika msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wakabaki bila ardhi. Mtu akishaonwa kuwa nusu mnyama, haki zake nazo hupunguzwa.

Kwa hiyo jina Mkonyingo lisiwe la kumzomea mtoto mfupi shuleni wala mtu mzima mwenye kimo kidogo. Anayelitumia hivyo amesimama upande wa Mkunare, na tumeona alirudi na nini.

Ufanye nini?

Kama una mzee nyumbani anayejua kisa hiki, mrekodi kwa simu akisimulia kwa Kichaga chake, iwe cha Rombo, Vunjo, Old Moshi, Kibosho au Machame. Mwombe ruhusa kwanza, na mwulize yeye alisimuliwa na nani. Kila upande una namna yake, na tofauti hizo ndizo zinazopotea upesi.

Watoto usiwatishe kwa Wakonyingo ili wasiingie msituni. Waambie sababu za kweli: baridi, ukungu, tembo, na sheria. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na tangu 2005 msitu nao umo ndani ya mipaka yake, hivyo kuingia kukata kuni au majani bila kibali kunaweza kukuletea kesi. Maji ya mifereji yetu yanatoka humo.

Hadithi waachie kwa ajili ya jioni, mkiwa mmekaa jikoni. Na ukifika pale Mkunare alipowasalimu wazee kama watoto, nyamaza kidogo, uwaulize wao: je, wewe ungesalimuje?