Fedha ya Tabora, 1916

Mwaka 1916 Tabora ilipiga fedha yake yenyewe, na iliyouleta mpango huo ni shida tupu. Tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vianze, manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani. Sarafu za heller, yaani chenji ya rupia, zilizokuwa zikija kwa meli kutoka Ujerumani zikiwa na alama ya A ya Berlin au J ya Hamburg, zikakatika. Sarafu zilizokuwamo nchini watu wakazifukia, hasa rupia za fedha. Serikali ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, chini ya Gavana Heinrich Schnee, ikachapa noti. Lakini noti ya rupia haikuwa na chenji, na mkulima aliyekuwa na mtama wake ghalani hakuona sababu ya kuutoa apewe karatasi, tena karatasi ya serikali inayorudi nyuma kila mwezi.

Basi kazi ya kupiga sarafu wakapewa mafundi wa karakana ya reli. Shaba chakavu na maganda ya risasi za mizinga yakayeyushwa, zikatoka heller 5 na heller 20. Ukiishika leo ile ya 20, ni pana na nzito. Upande mmoja kuna taji, herufi DOA (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni kwa Kijerumani) na mwaka 1916, na chini yake T, yaani Tabora; upande wa pili thamani imezungukwa na shada la majani. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za njano. Taji lenyewe halilingani: kwenye baadhi ni kubwa, kwenye nyingine dogo, maana mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja.

Kwa dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, zikapigwa pia sarafu za rupia 15, elfu 16 na ushei. Muhuri wake ulichongwa na sonara Msinhala: tembo amenyanyua mkonga, milima nyuma yake. Ni kazi nzuri mno, na wakusanyaji wa sarafu huigombea hadi leo. Mimi naithamini zaidi ile heller 20, kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi ya sokoni, ikalipa chakula cha siku.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na upigaji ukaisha. Wajerumani walishuka kusini bila karakana. Mwaka 1917 wakarudia karatasi: noti za porini, zilizogongwa kwa herufi za mpira.