Tarumbeta la Mti la Wagner

Opera ya Tristan und Isolde ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Munich, tarehe 10 Juni 1865. Katika sehemu ya tatu mchungaji anapuliza wimbo wa huzuni kwa kuwa bahari ni tupu. Meli inayongojewa ikionekana, anapuliza wa furaha. Kwa wimbo huu wa pili Richard Wagner, mtunzi wa opera hiyo, alitaka ala mpya ya mti, yenye nguvu kama baragumu refu la wachungaji wa Uswisi. Ndipo likaundwa tarumbeta la mti, nyoofu, lenye vali moja tu, na mwisho wake umetuna kama kibuyu.

Msomaji wa Baray, kando ya Ziwa Eyasi, ana haki ya kuuliza: kwa nini kuunda ala nzima kwa wimbo mfupi hivyo? Tena majumba mengine ya opera yalitosheka na zumari za kawaida, au tarogato ya Hungaria. Lakini kuhangaikia mbadala kwenyewe, naona, kunathibitisha haja: sauti ile ndiyo inayotangaza kwamba meli imeonekana. Pwani yetu ilikwishajua kwamba tukio kubwa lina ala yake. Siwa, yaani baragumu kubwa, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba hazikutengenezwa kwa ngoma za kila siku, bali kwa sherehe kuu. Zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu.