Jina Katika Pindo: Historia ya Kuagiza Michoro ya Kanga na Vitenge Ng'ambo Ikitazamwa kutoka Mpaka wa Rusizi

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya kazi ya kuchora kanga na vitenge, kazi ambayo kwa zaidi ya karne moja imeagizwa ng'ambo na kuhama kutoka nchi moja hadi nyingine kwa kufuata unafuu wa gharama. Mji wa Cyangugu, katika Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, unachukuliwa kuwa mahali pa kutazamia historia hiyo, kwa kuwa ni mji wa mpakani ambao vazi la kitenge limeenea pande zake zote mbili. Hoja inayojengwa ni kwamba kalamu ya mchoraji imekuwa ikiifuata mashine ya kupigia chapa, na kwamba kilichobaki Afrika Mashariki na Kati ni haki ya kutia nguo jina, haki ambayo kwa kawaida haikulipwa. Makala inahitimisha kwa kuonyesha kwamba sera ya viwanda inayohesabu mshono bila kuhesabu mchoro haijamaliza kazi yake.

1.0 Utangulizi

Mfanyabiashara mwenye uzoefu anapopewa kipande cha kitenge cha yadi 6, hatazami kwanza ua lililo katikati. Hukunjua ukingo wa nguo na kusoma maandishi madogo yaliyopigwa chapa hapo. Maandishi hayo humwambia, au hudai kumwambia, nguo imetoka wapi, na kutokana na hayo bei huanza kujadiliwa. Ndivyo ilivyo katika maduka ya Kamembe upande wa Rwanda, na ndivyo ilivyo katika soko la Kadutu mjini Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Nguo ni ileile, ingawa Wanyarwanda huiita igitenge na wasemaji wa Kiswahili cha Bukavu huiita kikwembe.

Ukingo huo una taarifa nyingi, lakini taarifa moja haimo: jina la aliyechora. Makala hii inaanzia kwenye pengo hilo. Kuagiza kazi ya ubunifu kwa watu wa nchi nyingine, kwa sababu huko hufanywa kwa gharama nafuu, huzungumzwa leo kana kwamba ni zao la intaneti. Historia ya nguo za eneo hili inaonyesha vinginevyo. Inaonyesha pia kwamba mwelekeo wa uagizaji huo haukuwa wa kutoka nchi tajiri kwenda nchi maskini tu. Kwa muda mrefu waagizaji walikuwa Mombasa na Zanzibar, na wachoraji walikuwa Uholanzi, Uingereza na Japani.

2.0 Mpaka na Nguo

Mpaka unaofuata mto Rusizi na ziwa Kivu ulithibitishwa kwa mapatano ya mwaka 1910 baina ya Wajerumani na Wabelgiji. Kabla ya hapo nguo zilikwisha kufika katika eneo la Maziwa Makuu kwa misafara iliyotoka pwani. Iliyotangulia kupata umaarufu ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyo na mchoro wowote, ambayo jina lake lahifadhi asili yake ya Marekani. Merikani ilipimwa kwa mkono na kutumika kama fedha. Kwa kuwa haikuwa na mchoro, swali la mchoraji halikuwapo. Thamani yake ilikuwa katika uzito na urefu.

Jambo la pili linalohusu eneo hili ni la kisheria. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, uliorekebishwa huko Saint-Germain mwaka 1919, uliweka eneo kubwa la biashara huru lililoitwa Bonde la Mkataba la Kongo. Ndani yake zilikuwamo Kongo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi, Tanganyika, Kenya na Uganda. Mataifa yaliyotawala hayakuruhusiwa kuzipendelea bidhaa zao wenyewe kwa ushuru. Ndiyo sababu, katika miaka ya 1930, pamba ya Japani iliweza kuingia kwa wingi na kuishinda ya Manchester katika masoko ambayo bendera yake ilikuwa ya Uingereza. Cyangugu, ingawa ilikuwa mbali na bahari, ilikuwa ndani ya utaratibu huo. Ushindani wa gharama kati ya wapiga chapa wa mabara mawili ulikuwa sehemu ya maisha ya soko lake tangu enzi za ukoloni.

3.0 Kanga: Wazo la Pwani, Kalamu ya Ng'ambo

Kanga ilizaliwa katika pwani ya Waswahili katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wanawake walishona pamoja leso zilizoletwa na biashara ya Wareno na wengineo, wakapata nguo pana yenye pindo na mji. Wazo, basi, lilikuwa la watumiaji. Lakini wapiga chapa walikuwa mbali, na punde wazo hilo likaanza kusafiri kwa meli.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na ambaye nguo zake hutambulika kwa maneno «Mali ya Abdulla». Mfanyabiashara wa aina yake alifanya kazi ambayo leo ingeitwa ya mkurugenzi wa ubunifu. Alisikiliza wanawake walivyosema, akachagua methali na mafumbo, akapendekeza maua na rangi, kisha akatuma agizo ng'ambo. Huko mchoraji wa kiwanda aliyageuza maelezo hayo kuwa mchoro kamili unaoweza kuchongwa na kupigwa chapa. Sampuli ilirudishwa, ikakubaliwa au ikakataliwa, na hapo ndipo shehena ilipoagizwa.

Mgawanyo huu wa kazi uliacha alama zake kwenye nguo. Maandishi ya kanga, ambayo kwa istilahi ya pwani huitwa jina, yaliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi. Wapiga chapa wasiojua Kiswahili wamewahi kukosea tahajia, na kanga zenye makosa zimevaliwa hivyohivyo. Kosa la tahajia kwenye kanga ni ushahidi wa kihistoria: linaonyesha mahali hasa ambapo kazi ilitoka mikononi mwa mwenye lugha na kuingia mikononi mwa asiyeijua.

Ikumbukwe kwamba uagizaji huu haukufuata ujira mdogo peke yake. Ulaya ilikuwa na ujira mkubwa kuliko Mombasa. Ilichokuwa nacho ni mashine, rangi za kikemikali na mtaji. Unafuu ulihesabiwa kwa yadi ya nguo iliyokamilika, si kwa mshahara wa mchoraji. Japani ilipoweza kutoa yadi hiyo kwa bei ndogo zaidi, michoro ikaenda Japani. Baadaye ikaenda India. Kalamu haikuchagua nchi. Ilivutwa na mashine.

4.0 Kitenge: Mchoro Uliopotea Njia

Historia ya kitenge ni ya kupotea njia kulikoleta faida. Chanzo chake ni batiki ya Java, ambayo hutiwa nta kwa mkono ili rangi isiingie kila mahali. Katikati ya karne ya 19 Waholanzi walijaribu kuiiga kwa mashine na kuiuza katika koloni lao kwa bei ya chini kuliko ya mafundi wa Java. Kwa maneno mengine, kazi ya ubunifu ilinyang'anywa kutoka nchi ya ujira mdogo na kupelekwa kwenye nchi ya ujira mkubwa, kwa tumaini kwamba mashine ingefidia tofauti. Wanunuzi wa Java hawakuipenda sana, kwa kuwa nta ilipasuka na kuacha mishipa ya rangi isiyotakiwa. Kilichokuwa dosari Java kilipendwa katika pwani ya Afrika Magharibi, ambako mfanyabiashara Mskoti Ebenezer Brown Fleming alikuwa miongoni mwa walioiuza mwishoni mwa karne hiyo. Kiwanda cha van Vlissingen cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846 na ambacho leo hujulikana kwa jina la Vlisco, kilikuja kuwa maarufu kuliko vyote.

Wachoraji wa Helmond walichora kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakupata kuwaona. Walichora, lakini hawakutia majina. Nguo zilifika Afrika zikiwa na namba. Majina yalitoka sokoni. Mjini Lomé, wanawake wafanyabiashara walioitwa Nana Benz walipewa haki ya kuuza michoro fulani peke yao, wakaitia majina yaliyogusa ndoa, wivu, fedha na siasa, na mauzo yakapanda. Kwao jina lililindwa na haki ya kuuza, hivyo likawa mali. Katika eneo la Kivu, nguo zilipewa majina vilevile na watu walizijua kwa majina hayo, lakini muuzaji mdogo avukaye daraja hakuwa na haki yoyote juu ya jina alilolieneza.

5.0 Viwanda vya Nyumbani

Baada ya uhuru yalikuwapo majaribio ya kuirudisha kalamu nyumbani. Tanzania ilifungua kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kenya ilikuwa na Rivatex mjini Eldoret. Kongo ilikuwa na viwanda vya Kinshasa na Kisangani, na cha Filtisaf huko Kalemie. Rwanda ilipata UTEXRWA mjini Kigali katika miaka ya 1980. Ilipokuwa mashine iko karibu, mchoraji naye aliweza kuwa karibu, na kanga za kuadhimisha matukio ya taifa ni ushahidi wa ukaribu huo.

Kwa wakazi wa Cyangugu kipindi hicho kilikuwa na sura ya pekee. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa na Rwanda, Burundi na Zaire mwaka 1976, iliwarahisishia raia kuvuka mpaka. Bukavu ulikuwa mji mkubwa, na Cyangugu mji mdogo ulioutazama.

Majaribio hayo hayakudumu. Uhaba wa fedha za kigeni, mashine zilizochakaa, kulegezwa kwa biashara na kuingia kwa mitumba viliviangusha viwanda vingi au kuvidhoofisha. Vita navyo viliongeza madhara: UTEXRWA ilisimama wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na daraja la Rusizi likawa njia ya wakimbizi.

6.0 Kalamu Yafika China

China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Vitenge vyake vikaenea Afrika nzima, vikiwamo vya chapa ya Hitarget. Hata kampuni ya ABC ya Hyde, karibu na Manchester, ilikwisha kununuliwa na wenye mtaji wa Hong Kong mwaka 1992.

Hatua hii ilitofautiana na zile zilizotangulia. Hapo awali mchoro uliagizwa, na aliyeagiza alijulikana. Sasa mchoro uliweza kunakiliwa kutoka kwenye nguo iliyokwisha kuuzwa, bila agizo na bila malipo. Nakala zilichukua hata maneno ya ukingoni yanayodai uhalisi wa Kiholanzi. Haki ya kuuza peke yako ikapoteza maana, na utajiri wa Nana Benz ukapungua. Hata hivyo, si haki kuieleza hatua hii kama hasara tupu. Wanawake wengi ambao hawakuweza kununua nguo ya Helmond waliweza sasa kushona vazi la harusi, na wachuuzi wenye mtaji mdogo wakapata bidhaa ya kuanzia. Aidha, malalamiko ya Helmond juu ya kunakiliwa yanasikika kwa namna nyingine kwa anayekumbuka Java.

7.0 Rwanda na Hesabu ya Mshono

Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mitumba huitwa caguwa kwa Kinyarwanda, neno lililotokana na kitenzi cha Kiswahili «chagua». Lengo lilikuwa kukuza nguo zinazotengenezwa nchini, chini ya wito wa Made in Rwanda. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafuu ya ushuru wa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Huko Rusizi jibu lilikuwa la haraka zaidi: mitumba ilivushwa kwa magendo kutoka Bukavu.

Sera hiyo iliwapa mafundi cherehani kazi na heshima. Lakini gauni linaloshonwa Kamembe kwa kitenge kilichochorwa na kupigwa chapa Asia huhesabiwa kuwa la Rwanda kwa sababu ya mshono. Mchoro, ambao ndio humfanya mteja alichague gauni hilo na kuliacha lingine, hauingii katika hesabu. Vikapu vya agaseke vinatoa mfano wa upande wa pili. Kikapu hicho kimo katika nembo ya taifa tangu mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2005 kiliuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani. Hapo umbo na mkono vyote vilikuwa vya Rwanda, na asili hiyo ndiyo iliyouzwa. Rwanda, basi, haikosi wabunifu. Isichokuwa nacho katika nguo ni kiungo kati ya mbunifu na mashine ya chapa, na sheria ya kulinda mali ya ubunifu peke yake haiwezi kuziba pengo hilo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inafundisha mambo matatu. Kwanza, kuagiza kazi ya ubunifu ng'ambo si jambo jipya, wala si la mwelekeo mmoja. Pili, mchoro huifuata mashine. Kwa hiyo kuwafundisha vijana kuchora bila kuwapatia mahali pa kupigia chapa kwa bei wanayoiweza ni kuwaandaa wawe waagizaji wapya wa ng'ambo. Tatu, jina lina thamani pale tu linapolindwa na haki. Mombasa jina la mwagizaji lilipigwa chapa kwenye pindo. Lomé lilishikwa kwa haki ya kuuza. Mpakani mwa Rusizi lilipita mdomoni na kwenda zake.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Pande zote mbili za Rusizi, pamoja na Mombasa na Dar es Salaam, zimekuwa ndani ya Jumuiya moja yenye lugha moja ya biashara, ingawa vita vya Kivu vimelitikisa daraja lenyewe. Kinachostahili kuulizwa na wanahistoria na watunga sera ni kama Jumuiya hiyo itakuwa soko la kununulia michoro ya wengine, au mahali ambapo siku moja mfanyabiashara wa Kamembe atakunjua ukingo wa nguo na kusoma humo jina la mchoraji, kwa lugha yake, bila kosa la tahajia.