The Big Sleep: Filamu Moja, Matoleo Mawili na Hukumu ya Watazamaji

Mwezi wa Agosti 1946 kampuni ya Warner Bros. ilitoa nchini Marekani filamu iitwayo The Big Sleep, iliyoongozwa na Howard Hawks. Ni hadithi ya upelelezi na mauaji. Hata hivyo, mtu aliyeitazama mara mbili au tatu huona taabu kueleza nani alimwua nani, na kwa sababu gani. Juu ya hayo, filamu hiyo imependwa kwa zaidi ya robo tatu ya karne. Je, watazamaji hupenda nini katika hadithi wasiyoielewa? Historia ya filamu yenyewe yaweza kutoa jibu, kwa maana ilikamilishwa mara mbili, na matoleo yote mawili yamehifadhiwa hadi leo.

1. Jina lililotoka Paris

Waliotengeneza filamu za aina hii huko Hollywood hawakuziita film noir. Jina hilo lilienea kutoka Ufaransa. Wakati Wajerumani walipoitawala Paris, kuanzia 1940 hadi 1944, filamu za Marekani hazikuonyeshwa huko. Zilipoingia kwa wingi mwaka 1946, mhakiki Nino Frank aliziona kwa mara moja filamu kadhaa, miongoni mwao The Maltese Falcon, Laura na Double Indemnity, akatambua kwamba zina undugu. Katika makala yake ya Agosti 1946 akatumia jina film noir. Wasomaji wa Kifaransa walikuwa tayari wameanza kuzoea Série noire, mfululizo wa riwaya ulioanzishwa na Marcel Duhamel mwaka 1945. Mwaka 1955 Raymond Borde na Étienne Chaumeton wakaandika kitabu kizima juu ya filamu hizo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno noir lataka uangalifu. Likitafsiriwa « nyeusi » tu, atadhani linahusu ngozi ya wachezaji au picha zisizo na rangi. Kinachokusudiwa ni giza: giza la usiku wa mjini, giza la vivuli vinavyoangukia nyuso, na lile la moyo wa binadamu. Huenda « filamu ya giza » likafaa zaidi.

2. Toleo la kwanza

Riwaya ya Raymond Chandler ilichapishwa mwaka 1939. Ndani yake mzee mmoja mgonjwa, Jenerali Sternwood, anamwita mpelelezi Philip Marlowe kwenye nyumba ya vioo anamopanda maua. Binti yake mdogo, Carmen, ameingia katika mtego wa mtu anayedai fedha kwa vitisho. Binti mkubwa, Vivian, anaficha jambo. Kutoka hapo maiti zinafuatana.

William Faulkner, Leigh Brackett na Jules Furthman waliigeuza riwaya hiyo kuwa mchezo wa filamu. Humphrey Bogart alicheza Marlowe, Lauren Bacall akacheza Vivian, na Martha Vickers akawa Carmen. Kazi ilianza Oktoba 1944 na kumalizika Januari 1945.

Katikati ya kazi likazuka swali kuhusu dereva wa familia, ambaye gari lake linaopolewa baharini naye akiwa maiti ndani yake. Je, aliuawa au alijiua? Hapakuwa na aliyejua. Inasimuliwa kwamba Chandler aliulizwa kwa simu ya maandishi, naye akajibu kwamba hata yeye hajui. Kisa hicho husimuliwa na mashabiki kila filamu hii inapotajwa. Lakini toleo la kwanza halikuwa fumbo tupu. Lilikuwa na tukio refu ambamo Marlowe anawaeleza wakuu wa sheria mambo yalivyofuatana, na mtazamaji makini aliweza kushika uzi.

Toleo hilo lilionyeshwa kwa askari wa Marekani waliokuwa ng'ambo mwaka 1945, kisha likawekwa kando. Vita vilikuwa vinaelekea mwisho, na kampuni ilitaka kwanza kutoa filamu zake za vita kabla hazijapitwa na wakati.

3. Toleo la pili

Katika muda huo wa kungoja, mambo matatu yalitokea. Kwanza, Bogart na Bacall walioana tarehe 21 Mei 1945. Walikuwa wamekutana katika filamu To Have and Have Not ya mwaka 1944. Bacall alikuwa na miaka 19, Bogart 44. Pili, watazamaji waliwapenda wakiwa pamoja, hasa kwa jinsi binti huyo alivyomjibu mwanamume bila woga. Tatu, Bacall alicheza bila Bogart katika Confidential Agent, iliyotoka 1945, na wahakiki wakamshambulia vikali.

Wakala wake, Charles Feldman, alimwandikia Jack Warner akiomba Bacall aongezewe matukio yenye ujeuri ule ule uliopendwa. Warner alikubali. Mwezi wa Januari 1946 wachezaji walirudi studioni. Likatengenezwa tukio la mkahawani, ambamo Marlowe na Vivian wanazungumza juu ya farasi wa mashindano, huku kila neno likibeba maana ya pili. Ili kupata nafasi, maelezo ya Marlowe kwa wakuu wa sheria yaliondolewa. Kwa hiyo ufafanuzi wa kesi ulitolewa sadaka kwa ajili ya mazungumzo ya wapendanao wawili.

Chandler mwenyewe alimsifu sana Bogart. Lakini katika barua ya mwaka 1946 alilalamika kwamba Martha Vickers alicheza vizuri kupita kiasi, akamfunika Bacall, na ndiyo sababu sehemu zake zilikatwa. Hayo ni maneno ya mtu mmoja, tena mwenye uchungu na riwaya yake. Lililo wazi ni kwamba kampuni ilikuwa na nyota ya kulinda, na Vickers hakuwa nyota hiyo.

4. Hukumu ya mashabiki

Bogart alifariki tarehe 14 Januari 1957. Mwaka huo huo jumba la sinema la Brattle, jirani na Chuo Kikuu cha Harvard, lilionyesha Casablanca, na baadaye likawa na desturi ya kuonyesha filamu za Bogart wakati wa mitihani. Wanafunzi walijaa humo, wakiyatamka maneno pamoja na wachezaji. Huko Ufaransa, katika À bout de souffle ya Jean-Luc Godard (1960), kijana mhalifu anasimama mbele ya picha ya Bogart na kujaribu kufanana naye. Kongo nayo ina sehemu yake: mwaka 1951 Bogart alifika kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, Ubundu ya leo, kucheza The African Queen, na Bacall alifuatana naye.

Mwaka 1997 toleo la 1945 lilionyeshwa hadharani baada ya kurekebishwa na hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mashabiki wakapata nafasi ya kulinganisha. Wako wanaotetea la kwanza, wakisema kwamba hadithi ya upelelezi ina deni kwa mtazamaji: lazima ukweli utolewe mwishoni. Wengi hurudi kwenye la pili. Kwao, Marlowe anatembea gizani kama wao, na linalomwongoza ni sauti ya mwanamke asiyejua kama amwamini.

Hitimisho

Hukumu hiyo ya wengi yaeleweka, lakini isiwe kisingizio cha kusahau gharama yake. Tukio la mkahawani lililopendwa na vizazi lilizaliwa kwa hesabu za biashara, na mchezaji mmoja hakufaidika nalo. Bacall aliishi hadi Agosti 2014, akiheshimiwa duniani kote. Vickers, aliyefariki 1971, hakupata tena nafasi iliyolingana na ile ya Carmen. Mtafiti wa sinema, kama mtafiti wa fasihi simulizi, hana budi kuuliza juu ya kila toleo: nani aliongezewa sauti, na nani alinyamazishwa?