Ziwa Eyasi

Ziwa Eyasi ni ziwa la chumvi katika Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, upande wa kusini magharibi wa kreta ya Ngorongoro. Ncha yake ya kusini inafika Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida.

Mazingira

Ziwa liko mita 1,030 hivi juu ya usawa wa bahari na urefu wake ni kilomita 80 hivi. Mto mkuu unaoliingia ni Sibiti, unaotoka Ziwa Kitangiri. Hakuna mto unaotoka Eyasi; maji hupungua kwa kugeuka mvuke, chumvi ikabaki. Kwa kawaida kina hakifiki mita 1, na wakati wa kiangazi sehemu kubwa hukauka. Miaka ya mvua nyingi kambare na perege huongezeka, na wavuvi hupiga kambi ufukoni. Heroe pia huonekana. Kandokando ya ziwa kuna pori la mibuyu na migunga.

Wenyeji

Wakazi wa tangu zamani ni Wahadzabe, watu zaidi kidogo ya 1,000. Kwa upande wa Singida wanapatikana hasa katika kijiji cha Munguli. Lugha yao, Kihadza, ina sauti za kidoko kama Kisandawe cha Mkoa wa Dodoma, lakini wataalamu wengi hawaoni undugu kati ya lugha hizo mbili. Kwa desturi huishi kwa kuwinda na kukusanya asali, ubuyu, matunda na mizizi. Majirani zao ni Wanyisanzu, Wanyiramba na Wairaqw, ambao ni wakulima, pamoja na Wadatoga, ambao ni wafugaji.

Suala la ardhi

Kwa kuwa Wahadzabe hawalimi wala hawafugi, pori lao limedhaniwa mara nyingi kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Mashamba na mifugo vimeingia humo. Mti ukikatwa, mzinga wa nyuki hupotea. Ng'ombe wakizidi kwenye visima, wanyamapori huhama. Tangu miaka ya 1960 serikali ilijaribu mara kadhaa kuwahamishia Wahadzabe katika vijiji vya kudumu, lakini wengi walirudi porini. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, walipewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja.