Usingizi wa kutosha ni kinga ya ubongo

Mtu anapolala mwili hutulia, lakini ubongo huendelea na kazi. Katika saa hizo hupanga kumbukumbu za mchana, hutuliza hisia na, kwa mujibu wa tafiti kadhaa, huondoa taka zilizokusanyika baina ya seli zake. Ndiyo sababu wataalamu wa afya huuhesabu usingizi pamoja na lishe bora na mazoezi ya mwili, wala hawauoni kuwa anasa ya wavivu.

Suala hili lina uzito katika Kaunti ya Kwale, ambako watu wengi huchuma riziki usiku. Wako wavuvi wa Vanga, Shimoni, Gazi na Msambweni ambao safari zao hutegemea maji na mwezi. Mabawabu na wahudumu wa hoteli za Diani hupokezana zamu hadi alfajiri, nao waendeshaji bodaboda wa Ukunda huwasubiri abiria wa mwisho. Kwa watu hawa, kuambiwa tu walale mapema hakutoshi.

Kinachotendeka ubongoni

Usingizi hupita katika mizunguko ya takriban dakika 90, yenye usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto. Huu wa mwisho, ambapo macho huchezacheza chini ya kope, ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani.

Usingizi mzito huja zaidi mwanzoni mwa usiku, nao husaidia kuhifadhi yale ambayo mtu amejifunza. Usingizi wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri. Hivyo, anayelala saa nne usiku na kuamka saa tisa hukosa sehemu kubwa ya usingizi huo.

Mwaka 2013, watafiti wakiongozwa na Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba nafasi baina ya seli za ubongo wa panya hupanuka kwa takriban asilimia 60 wanapolala. Majimaji hupita kwa wepesi na kuondoa taka, ikiwemo protini ya amiloidi inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Hata hivyo, utafiti mwingine wa panya uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2024 ulipata matokeo tofauti, na mjadala kuhusu namna ubongo unavyojisafisha bado haujafungwa.

Nchini Uingereza, watu wapatao 8,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka 25. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa waliozoea kulala saa sita au pungufu tangu umri wa miaka 50 hadi 70 walikabiliwa na hatari ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu iliyozidi kwa asilimia 30 ile ya waliolala saa saba. Utafiti wa aina hii huonyesha uhusiano tu. Hauthibitishi kwamba kukosa usingizi ndiko chanzo.

Madhara ya karibu hayasubiri uzee. Watafiti wa Australia walibaini mwaka 1997 kuwa mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa kutenda sawa na mwenye gramu 0.05 za pombe katika mililita 100 za damu. Kwa nahodha anayerejea pwani au mwendeshaji pikipiki katika barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, hiyo ni hatari ya maisha.

Watoto na wanafunzi

Ubongo unaokua huhitaji usingizi zaidi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anapaswa kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10, na mtu mzima saa 7 au zaidi. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 ziliwatengea wanafunzi wa bweni muda wa kulala kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwanafunzi anayekesha akidurusu hupoteza wakati ule ule ambao ubongo hutumia kuyahifadhi masomo.

Chandarua nacho kina faida mbili. Humwezesha mtoto kulala bila kusumbuliwa na mbu, na humkinga dhidi ya malaria. Tafiti zilizofanywa Kilifi zimeonyesha kuwa baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kifafa au udhaifu wa kumbukumbu.

La kufanya

Mwili huongozwa na saa yake ya ndani, ambayo hufuata mwanga. Kwale iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, hivyo usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima. Anayelala usiku anashauriwa kuweka simu kando kabla ya kupanda kitandani, na kuepuka kahawa, miraa na muguka kuanzia alasiri.

Anayefanya kazi usiku naye alale chumba chenye giza na utulivu mara afikapo nyumbani, na jamaa zake wauheshimu usingizi huo kama wa usiku. Usingizi mfupi wa dakika 20 hadi 30 kabla ya zamu huongeza uangalifu. Mchana wa Ramadhani, kailula huwasaidia walioamka kula daku, ingawa haiwezi kufidia usiku mzima.

Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi, au anayekosa usingizi kwa miezi mitatu au zaidi, amwone daktari badala ya kujinunulia dawa za usingizi dukani.