Starling ya NASA: Setlaiti Nne Zinazojipanga Bila Kungoja Mtu

Kwanza usichanganye na Starlink. Starlink ndio ile ya intaneti, iliingia Kenya Julai 2023. Starling ilirushwa mwezi huo huo, lakini hiyo ni ya NASA: setlaiti nne, kila moja saizi ya boksi la viatu. Zilipanda na roketi ya Electron kutoka Mahia, New Zealand, na zikapewa majina ya vile vizuka vya gemu ya Pac-Man: Blinky, Pinky, Inky na Clyde.

Kazi yao si kukuuzia bando. Ni kuonyesha kama setlaiti zinaweza kupanga form zenyewe.

Mbona hiyo ni stori kubwa? Fikiria mathree mbili zimekutana uso kwa uso, halafu madere wote wawili wanakwepa upande ule ule. Sasa zipeleke huko juu, kila moja ikichapa kilomita 7 na kitu kwa sekunde. Februari 10, 2009, setlaiti ya simu Iridium 33 iligongana na Cosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekufa kitambo. Vipande zaidi ya 2,000 vilitapakaa, na kila kimoja kinaweza kuharibia mwingine.

Ya 2019 nayo inachekesha, hadi uifikirie. Shirika la anga la Ulaya, ESA, liliona setlaiti yake Aeolus inaelekea kukaribiana sana na Starlink 44. Waliongeaje na SpaceX? Kwa imeli, buda. Mwanzoni risk ilikuwa ndogo, SpaceX wakasema hawana haja ya kusonga. Baadaye ikapita kiwango cha ESA cha 1 kwa 10,000, lakini mtu wa zamu wa SpaceX hakuona ujumbe uliofuata kwa sababu mfumo wao wa kumwita ulikuwa na hitilafu. Septemba 2, ESA wakawasha injini na kuinua Aeolus. Ikapita salama.

Starling inajaribu kutoa huyo mtu wa imeli katikati. Zile setlaiti zinaongea kwa redio, na kama Inky haimfikii Clyde, ujumbe unapitia kwa mwenzao, vile wewe hupitisha fare ya msee wa back seat hadi kwa makanga. Zina kamera za kutazama nyota, na hizo hizo kamera zinaona wenzao kama vidoti kati ya nyota na kupiga hesabu wako wapi. Kuna programu ya kupanga mizunguko humo ndani. Nyingine inapima tabaka la juu la hewa kwa mawimbi ya GPS, na setlaiti zinaamua pamoja nani aangalie nini, bila bosi.

Baada ya hiyo misheni kuu, NASA na SpaceX walirudi kwa lile swali la mathree: kama Starling na Starlink zote zinajiendesha, nani akwepe? Kila upande unatuma mpango wake wa safari kwa kituo kilicho chini, kinaulinganisha na wa wengine, kisha kinajibu sawa au hapana. So bado kuna stage moja ardhini, lakini hakuna mtu wa kusahau kufungua imeli.